Mdomoni mwa Wadi

Mume wangu alikatwa koo. Ndivyo alivyotaka mwenyewe tuwaambie watu. Tulipotoka hospitali jamaa wakawa wanapiga simu kuulizia hali, nami nawajibu kwa maneno laini laini, kafanyiwa operesheni ndogo, alhamdulillahi anaendelea. Mume wangu akaninyang'anya karatasi iliyokuwa mbele yangu, akaandika kwa herufi kubwa: WAAMBIE NIMEKATWA KOO, WAELEWE, WASINIPIGIE TENA.

Ilikuwa saratani. Madaktari walikitoa kile kisanduku cha sauti chote, wakamwachia tundu chini ya shingo, hapo pa kifungo cha juu cha kanzu, na tundu hilo ndilo analopumulia mpaka leo. Watu wanadhani kinachoondoka ni kusema tu. Mtu wa hali hiyo hawezi kuipuliza chai ikapoa. Hawezi kupiga mbinja. Hawezi kunusa, kwa sababu pumzi haipiti tena puani. Unaweza kumchomea udi chumba kizima asijue. Na mume wangu alikuwa mtu wa kelele. Alikuwa na duka la vipuri vya magari mtaa wa Ghala, hapa Maskati, na kwa miaka yote ile ya kusemezana na mafundi katikati ya nyundo na mashine alizoea kupaza sauti, hata nyumbani akiomba chumvi jirani anasikia. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Bwana, taratibu, mimi si fundi." Sasa nyumba ikawa kimya kama imehamwa.

Walimpa mashine ya kusemea. Ni kitu kidogo, umbo lake kama tochi. Unakibandika shingoni, unatikisa midomo, nacho kinatoa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Aliijaribu mbele ya familia siku ya Ijumaa baada ya chakula. Mjukuu wetu akalia. Akaizima, akaitia kwenye droo ya kitandani, na tokea siku hiyo akawa anaandika kwenye simu, ananionyesha kioo, nami nawasomea watu. Nikawa mimi ndio mdomo wake. Dukani hakurudi tena. Mtoto wetu mkubwa ndiye aliyeshika kazi.

Kuvua kulianza hapo. Zamani alikuwa akivua mara moja moja, kwa mzaha tu. Sasa ikawa kila mwisho wa wiki, na mara nyingine katikati ya wiki, anachukua fimbo yake, ndoo ya bati na mfuko wa chambo, anakwenda pwani. Niliijua sababu bila ya kuuliza. Pwani hakuna mtu anayekaa mbele yako akasubiri useme.

Daktari aliposikia alikasirika. Aliniambia mimi, maana ndiye niliyekuwa nikijibu maswali. "Maji yakiingia kwenye lile tundu yanakwenda moja kwa moja mapafuni. Akiteleza kwenye maji ya magotini anaweza kufa, tena bila ya kupiga ukelele." Nikamsoma mume wangu macho, nikajua ya kwamba atakwenda tu. Basi nikawa nnakwenda naye. Nilichukua kiti cha kukunja, chupa ya chai, na msahafu wangu mdogo. Mimi samaki nawajua wakishakuwa sufuriani.

Alikuwa akimtafuta chewa, ambaye huku Omani wanamwita hamuri. Chewa hapendi mchanga mtupu, anataka mawe na mapango ya kujificha, na kwa hivyo tulikuwa tukikaa kwenye kingo ya mawe upande wa Ghubra, pale wadi inapoingia baharini. Wadi yenyewe ni bonde pana la kokoto, kavu mwaka mzima, linateremka kutoka milimani nyuma ya Ghala, linapita chini ya daraja la barabara kubwa, linakuja kumalizikia pwani. Watu wanapita humo na magari, wanacheza mpira, wanachoma nyama. Ukiliangalia siku ya kawaida utadhani ni kiwanja alichokisahau mtu.

Mwezi wa pili na wa tatu Maskati huwezi kuivalia nguo. Asubuhi unatoka na sweta, saa nne unatoka jasho, adhuhuri upepo wa kaskazini unaleta vumbi mpaka huioni milima, na Alasiri huenda ikanyesha au isinyeshe. Msimu ule ulikuwa mbaya zaidi. Ijumaa moja tulipigwa na mvua ya mawe, vipande kama mbegu za mpapai, tukakimbilia garini, akakaa ameliziba tundu lake kwa viganja viwili huku akihema. Wiki ya pili yake bahari ilikuwa shwari, akatega mchana kutwa bila ya kuguswa. Wiki nyingine upepo ulimrudishia mshipi wake mwenyewe mpaka ukamkata kidole. Nilikuwa nikimwambia, "Hebu tungoje joto lishike." Anaandika: Joto likishika na mimi sijui nitakuwa wapi. Basi nachukua kiti changu.

Chewa mmoja alimpata, mwanzo wa Shaaban. Alimvuta kwa tabu, maana chewa akishaingia pangoni anajipanua humo kama mtu aliyefunga mlango, na alipomtoa alikuwa mkubwa kupita mkono, wa rangi ya udongo, na mdomo uko wazi. Mume wangu alimweka karibu na uso wake. Nikamwona anajaribu kunusa. Pua inajikunja, kifua kinapanda, na hewa inaingilia chini, kule kwenye tundu. Akajaribu tena. Kisha akanijia, akanisogezea samaki puani, akaningojea.

"Ananuka bahari," nikamwambia. "Ananuka mwani."

Akatikisa kichwa, akataka zaidi.

"Kama chuma kidogo. Kama chuma kilichorowa."

Hapo akaridhika, akamtia ndooni. Chakula kile tulikula wawili, na yeye akala kidogo sana.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumamosi katika Shaaban hiyo hiyo. Usiku wa kuamkia siku ile simu zetu zote mbili zilipata ujumbe wa tahadhari: mvua milimani, watu wajiepushe na mabonde. Nilimwonyesha. Akaandika: Sisi tunakaa juu ya mawe, hatukai bondeni. Na ilikuwa kweli.

Tulifika asubuhi, jua kali. Bahari ilikuwa na rangi ya maziwa machafu na mawimbi madogo madogo. Lakini nyuma yetu, upande wa Ghala, milima ilikuwa haipo. Palikuwa na kiza kimoja kilichosimama kutoka chini hadi juu, na kila baada ya muda kinamulika ndani. Kwetu hata tone halikuanguka. Mume wangu alikwenda kusimama kwenye ncha ya kingo, mimi nikakunjua kiti changu nyuma yake.

Baadaye ikaja pikapu nyeupe, ikateremka kwenye kokoto za wadi mpaka karibu na bahari, chini yetu kidogo, pale ambapo kingo inakinga upepo. Walikuwa vijana wawili, watu wazima. Mmoja mnene, wa miaka thelathini na kitu, amevaa fulana na kikoi cha ndani. Mwingine mwembamba, mdogo kwake. Yule mnene akashusha jiko la mkaa na sufuria ya nyama iliyokwisha tiwa viungo. Mdogo akabaki garini, mlango wazi, akafungua muziki.

Yule mnene akainua kichwa akatoa salamu kwa Kiarabu. Mume wangu akanyanyua mkono.

"Umepata kitu, mzee wangu?"

Mume wangu akatikisa kichwa. Kijana akaendelea kumtazama, kama mtu anayesubiri neno, na nikaona uso wake unaanza kupoa, unadhani umedharauliwa. Nikamjibu mimi kutoka nyuma, "Bado, mwanangu. Leo wamekataa."

Akacheka. "Wakikubali mniletee. Jiko hili hapa."

Hayo ndiyo maneno yote niliyosema naye.

Upepo ukageuka. Ukawa unavuma kutoka upande wao kuja kwetu, na vumbi ndani yake. Kile kitambaa cha kuchujia hewa anachokivaa mume wangu shingoni kikawa cheusi, akaanza kukohoa, na kukohoa kwake ni kitu cha kutisha, tundu linapiga mluzi. Akanionyesha ishara ya kitambaa kipya. Vilikuwa garini, na gari tuliliacha juu, kando ya lami. Nikaondoka, nikapanda, nikafungua buti, nikawa natafuta ndani ya mfuko.

Nilichokisikia kwanza hayakuwa maji. Nilisikia kishindo cha bati.

Niligeuka. Mume wangu amesimama kwenye ncha ya kingo na fimbo yake mkononi, na mshipi umenyooka kutoka kwenye fimbo mpaka juu ya ile pikapu. Alikuwa amelirusha chubwi la risasi, lile zito la kuzamishia chambo, akaipiga boneti. Nikasema, huyu ana nini? Yule mdogo alikuwa ameshatoka garini, ameubamiza mlango, anakuja juu ya mawe kwa mikono na miguu huku akitukana kwa Kiarabu. "Una wazimu wewe? Una wazimu?" Kaka yake, yule mnene, alikuwa ameinama upande wa pili wa jiko, anapepea mkaa kwa kipande cha kadibodi. Hakumwona mdogo wake akiondoka.

Mume wangu aliniandikia baadaye, sehemu sehemu, kwa siku nyingi. Aliangalia kule darajani kwa bahati tu, kwa sababu alikuwa akinisubiri. Akaona chini ya nguzo kitu cha kahawia, kifupi, kinatembea, na mbele yake kimesukuma takataka, matawi, mapipa ya plastiki. Upepo ulikuwa umemeza sauti. Akapiga makofi. Akaipiga ndoo kwa jiwe. Upepo ulimrudishia sauti yake yote, na gari lilikuwa na muziki. Akafungua mdomo. Hilo aliandika mara mbili: nilifungua mdomo. Halafu ndipo akarusha.

Mimi kutoka juu niliyaona maji hapo hapo. Nikatupa mfuko, nikakimbia mpaka ukingoni mwa lami huku nikipiga kelele, "Maji! Wadi! Maji!" Sikumbuki nilisema kwa lugha gani. Yule mdogo alikuwa ameshamkamata mume wangu kifuani, amezikunja nguo zake ndani ya ngumi, anamtikisa. Mume wangu anaonyesha kwa mkono, naye anaupiga mkono ule, maana anaona mzee anamwambia waondoke mahali pake. Kisha mngurumo ukatufika sote. Ulikuja wote kwa pamoja, kama lori linalomwaga mawe.

Kijana aligeuza shingo. Akaachia kifua cha mume wangu, akataka kuruka chini. Na mume wangu, mtu wa miaka sitini na kitu aliyetoka hospitali, akamkumbatia. Akamkamata kichwa, akakikandamiza kifuani mwake, akajitupa naye kinyumenyume juu ya mawe. Kijana alikuwa akimpiga ngumi za mbavu. Alikuwa akilia, "Kaka! Niache! Kaka yangu!" Kwa Kiswahili. Ndipo nilipojua kuwa ni watu wetu, Waswahili kama sisi.

Mimi nilikuwa juu. Naona yote, wala hapana chochote kilichonizibia macho.

Yule mnene alisikia mngurumo, akasimama, akaangalia kule daraja lilipo. Kingo ilikuwa karibu naye. Angeliweza kuifikia; nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kichwani na kila mara anafika. Hakuja upande wetu. Alikimbilia garini. Akaufungua mlango, akaingiza kichwa ndani. Akauacha, akazunguka upande wa pili, akafungua huko nako. Akalifunua turubali la nyuma. Mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufumba. Alikuwa akimtafuta mdogo wake.

Maji yalimchukua akiwa ameshika ukingo wa turubali. Gari lilisimama ubavu, likalala, likageuka tena, na yeye sikumwona tena. Jiko na sufuria vilipita juu juu, vinaelea, mpaka baharini. Mara moja bahari yote pale mbele ikawa ya kahawia.

Watu walikuja, magari yakasimama juu ya lami, polisi wakaja, wa uokozi wakaja. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya mawe na tundu lake liko wazi, kitambaa kimepotea, rasharasha za maji zimemfikia, anakohoa maji machafu. Nilikuwa nikimfuta kwa ncha ya mtandio wangu. Kijana alikaa pembeni yetu, ameshikwa na watu wawili. Hakuwa akilia tena. Alikuwa akituangalia kama anayejaribu kukumbuka amewahi kutuona wapi.

Walimpata kaka yake kesho yake, mbele, upande wa Qurum, mchangani.

Tulikwenda kwenye azaa, yaani matanga, siku ya pili. Mume wangu hakutaka kwenda, kisha akataka. Ukoo wao walikuwa watu wa Bujumbura, waliingia Omani zamani kama sisi tulivyoingia kutoka Unguja, na nyumbani kwao kulikuwa kumejaa watu mpaka nje. Wanaume walikaa kwenye hema, wanawake ndani. Mtoto wangu alikaa na baba yake. Aliniambia baadaye kuwa huko kwenye hema maneno yalikuwa yakizunguka chini chini, ya kwamba mzee mmoja mkorofi alilipiga gari la vijana, akagombana na mdogo, na lau si ugomvi ule ndugu wawili wangekuwa pamoja na wangekimbia pamoja. Mtu mmoja alisema hivyo akiwa amekaa karibu kabisa na mume wangu, hamjui. Mtoto wangu akataka kujibu. Baba yake akamshika goti.

Ndani, mama wa marehemu alikuwa amekaa juu ya zulia, ameegemea ukuta. Mwanamke wa umri wangu. Nilipoinama kumpa pole, mtu akamnong'oneza, naye akanishika mkono, hakuuachia.

"Wewe ndiye mke wa yule mzee wa samaki?"

"Ndiyo, dada. Ni mimi."

"Mwanangu anasema mumeo aliyaona maji mapema."

"Aliyaona."

"Sasa mbona hakupiga kelele?"

Wanawake waliokuwa wakisoma wakaacha kusoma. Nikaweka kidole changu hapa chini ya shingo. "Hana sauti. Alifanyiwa operesheni, wakaitoa. Anapumulia tundu hapa."

Alikitazama kidole changu. "Hata kidogo hana?"

"Hata kidogo."

"Basi macho anayo," akasema. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayepanga vitu. Kisha akauachia mkono wangu, na mimi nikaenda kukaa karibu na mlango.

Baada ya hapo mume wangu hakugusa fimbo. Niliiweka stoo mimi. Alikuwa anakaa ukumbini mbele ya televisheni ya habari, ameizima sauti, na ukimletea chakula anakula vijiko viwili. Alikonda mpaka daktari akataka kumfanyia vipimo upya, akidhani ugonjwa umerudi. Haukurudi. Nilimwambia daktari kilichotokea. Akavua miwani yake, akaifuta, akasema maskini, na akamwandikia vidonge vya usingizi.

Ramadhani ikaingia. Siku moja baada ya Alasiri kengele ikalia, nikafungua, nikamkuta yule mdogo. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia, amesimama mbali na mlango.

"Shikamoo, mama. Mzee yupo?"

Nilimkaribisha majilisi, kwenye chumba cha wageni. Ingelikuwa siku nyingine ningelileta kahawa na tende, na mtu akiwa na kikombe mkononi angalau ana kitu cha kukiangalia. Ilikuwa saumu. Tulikaa watatu, mikono mitupu.

Kijana alianza kwa kuomba radhi kwa zile ngumi na matusi. Mume wangu akatikisa mkono, yamekwisha. Halafu kijana akawa anakunja na kukunjua ncha ya kanzu yake.

"Mzee, mimi nilikuwa nimempa mgongo," alisema mwisho. "Nilikuwa nakutukana wewe. Halafu ukanishika kichwa, sikuona kitu. Nilipoinua macho gari lilikuwa linabingirika. Hakuna aliyeona isipokuwa wewe. Nyumbani wananiuliza, mama ananiuliza, mimi mwenyewe najiuliza usiku na mchana. Alifanya nini? Alikuwa wapi? Nataka kujua tu. Hata kama ni kibaya, niambie."

Mimi nilikuwa nimeishika simu ya mume wangu, tayari kumsomea. Lakini hakuitaka. Aliinuka, akaingia chumbani, nikasikia droo inavutwa. Aliporudi alikuwa na ile mashine mkononi. Akakaa karibu na kijana, magoti yakigusana, akaibandika shingoni. Kijana akashtuka iliposema, kisha akaegemea mbele asikie vizuri.

"Alikuwa ameinama," ikasema mashine. "Anapepea mkaa."

"Hakugeuka?"

"Hakugeuka."

"Na mngurumo? Hakuusikia?"

"Upepo. Hata mimi sikusikia. Ilikuwa mara moja."

"Aliniita?"

Mume wangu alimtazama. Midomo yake ilikaa kidogo bila ya kutikisika, na mashine ikawa inavuma peke yake.

"Hakuita mtu. Hakujua kitu, mwanangu. Hakuwahi kuogopa."

Kijana akafunika uso kwa viganja, akalia kama watu wanavyolia katika nyumba ya watu, kwa kujizuia. Mume wangu aliizima mashine, akamwekea mkono mgongoni, akauacha hapo mpaka alipomaliza. Tulimwomba afuturu na sisi. Akasema mama yake yuko peke yake. Akaubusu mkono wa mume wangu, akaondoka.

Nilipofunga mlango nikarudi kukaa pale alipokaa kijana.

"Mimi nilikuwa juu kwenye lami," nikamwambia. "Nimeona."

Alichukua simu, akaandika, akanigeuzia. Najua umeona.

Nikasubiri aandike jengine. Akaiweka simu. Akaenda kutawadha, na mimi nikaenda kuangalia uji.

Siku ya tatu ya Idi nilikwenda kumpa mama yule mkono wa Idi, peke yangu. Kulikuwa na wageni ukumbini, jamaa zao. Alinipokea vizuri, akanikalisha, kisha baada ya muda akasema njoo unisaidie jikoni. Kule jikoni hakukuwa na kazi yoyote ya watu wawili. Alifungua bomba akaanza kuosha vikombe vya kahawa vilivyokuwa visafi.

"Mwanangu sasa analala," alisema. "Anakula. Juzi nimemsikia anacheka na binamu zake. Anasema mumeo kamwambia kaka yake hakujua lolote, alikuwa amegeukia jiko."

"Ndiyo."

"Nimemshukuru mumeo. Mwambie."

"Ntamwambia."

Akasuuza kikombe kimoja, akakisuuza tena. "Lakini mimi ndiye niliyemzaa yule. Tangu baba yao alipokufa alikuwa hawezi kukaa kwenye kiti kabla hajajua mdogo wake yuko wapi. Mdogo akichelewa kazini, anampigia. Akienda dukani, anampigia. Watu walikuwa wanamcheka." Aligeuka akanitazama. "Sasa maji yanakuja, na yeye yuko kwenye jiko tu? Na wewe ulikuwepo. Nakuuliza wewe, mama kwa mama. Ni kweli alikuwa ameinama?"

Bomba lilikuwa bado linamwaga. Nilisikia watoto wa wageni wakikimbia ukumbini na mtu akiwakataza.

"Ni kweli, dada."

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Aliendelea kunitazama, na mimi sikuinamisha macho. Sijui ilikuwa kwa muda gani. Akafunga bomba, akajifuta mikono kwenye khanga yake.

"Ukiulizwa na mtu mwingine yeyote," akasema polepole, "ujibu hivyo hivyo."

Akavipanga vikombe kwenye sinia, akaweka buli la kahawa katikati na sahani ya halwa, akanipa mimi sinia nilibebe, akatangulia mbele kunifungulia mlango.